Nyumba ya mawe ya shamba haitengenezwi kwa likizo ya wiki nne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na naiomba iwe kubwa kidogo, maana jambo lenyewe halielezeki kwa mistari kumi.

Kila mwaka ndugu zetu walioko Maskati, Dubai, London na kwengineko hurudi Unguja na Pemba na nia njema kabisa: kuitengeneza nyumba ya mawe waliyoachiwa na wazee shamba. Wana wiki nne za likizo, fedha wanazo, na fundi wameshaelekezwa na jirani. Fundi huagiza saruji, nondo na mchanga wa pwani. Wiki ya nne nyumba inang'aa, picha zinapigwa, watu wanarudi makazini. Masika ya pili lipu huanza kubambuka kwa vipande vikubwa kama sahani. Baada ya hapo unyevu unapanda hadi usawa wa kifua, na vichwa vya boriti vinaoza kimyakimya ndani ya ukuta ambako hakuna anayeviona. Nyumba iliyosimama zaidi ya karne nzima bila ya kujua saruji huharibika kwa miaka michache baada ya kutiwa saruji.

Nayaandika haya kwa wenye nyumba na kwa mafundi pia, kwani lawama si ya mmoja. Mafundi wengi wa leo wamefundishwa tofali za saruji na zege, na kazi hiyo wanaijua vizuri. Ila ukuta wa chokaa ni kitu chengine, na una ratiba yake.

Ukuta wa nyumba hizi una unene wa sentimita 40 hadi 60. Haukujengwa kwa jiwe moja zima; una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, ndani na nje, na katikati mmejazwa vijiwe na mchanganyiko wa chokaa na udongo mwekundu. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Linakunywa maji mvua ikinyesha na linayatoa jua likiwaka, na chokaa iliyolishika inafanya vivyo hivyo. Ukiufunika ukuta huo kwa saruji, maji bado yataingia, kwa ufa, kwa paa, au kwa kupanda kutoka ardhini. Kilichobadilika ni kuwa hayana tena pa kutokea. Yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na yanabeba chumvi iliyomo ndani ya mawe na mchanga. Chumvi ikifika nyuma ya saruji inaganda, inavimba, na inapasua uso wa jiwe. Ndiyo maana saruji inapoanguka haianguki peke yake. Huondoka na ngozi ya jiwe, na nyuma yake unakuta unga.

Kuna na ugumu. Ukuta wa chokaa husogea kidogo kidogo mwaka mzima, ukivimba masika na kusinyaa kiangazi. Chokaa inafuata mwendo huo. Saruji haifuati, inapata nyufa nyembamba kama unywele, na ufa mwembamba unavuta maji kuliko ufa mpana.

Anayedhani chokaa ni kitu dhaifu aende Fukuchani na Mvuleni, kaskazini ya Unguja, akaziangalie nyumba za mawe za karne ya 16 zilizojengwa nje ya mji kabisa. Kuta zake bado zimesimama. Au aende Kidichi, kwenye hamamu aliloliamrisha Sultani Seyyid Said mwaka 1850 katikati ya mashamba, akatazame nakshi za chokaa zilizomo ndani.

Sasa kazi yenyewe. Mpangilio wa matumizi ndio unaookoa nyumba au kuiua, na mpangilio ni huu: maji ya juu kwanza, maji ya chini baadaye, kisha kungoja, kisha kuta, na mapambo mwisho kabisa. Mwenye fedha ya kazi moja tu mwaka huu aipeleke yote kwenye paa.

Nyumba nyingi za shamba zilikuwa na paa la bapa: boriti za mikoko, juu yake mawe bapa au fito zilizosongamana, kisha kifusi cha vijiwe na chokaa kilichopigwa kwa virungu siku baada ya siku mpaka kikashikana. Boriti za mikoko ndizo zilizoweka upana wa vyumba vyetu, mita 2.5 hadi 3, kwani boriti haifiki mbali zaidi ya hapo bila kupinda. Paa hilo likivuja, desturi mbaya iliyoingia ni kumwaga tabaka jipya juu ya lile la zamani. Tufanye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 6 kina mita za mraba 18. Tabaka la sentimita 5 juu yake ni karibu mita moja ya ujazo, yaani uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na likilowa huongezeka. Zipo nyumba zenye matabaka matatu ya namna hiyo juu ya boriti zilezile za awali. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, toboa tundu dogo pembeni ya paa upime unene. Ukikuta matabaka, yaondoe kwa mkono, kidogo kidogo, kutoka katikati ya chumba kwenda pembeni, na kifusi kishushwe chini siku hiyohiyo. Kukirundika kwenye kona moja ya paa ni kosa linaloangusha dari.

Na kabla ya kuondoa, weka mirunda chini ya dari: mhimili mmoja wa mbao unaopita chini ya boriti zote katikati ya chumba, nguzo kila mita moja, na ubao mpana chini ya kila nguzo ili isizame sakafuni. Jengo la zamani huwa dhaifu zaidi wakati linatengenezwa kuliko wakati limeachwa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililoko Mji Mkongwe, ilianguka likiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili wakafariki. Nyumba ya shamba ni ndogo, lakini dari la chokaa likimwangukia mtu halimchagulii.

Boriti hukaguliwa moja moja. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Iliyo nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Kisha choma kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, kwani kuoza huanzia hapo. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita 2, kichwa kimekwisha. Hata hivyo boriti yenye kichwa kilichooza na kiwiliwili kizima si ya kutupwa. Pitisha mbao ngumu ya sentimita 10 kwa 15 chini ya vichwa vyote, sambamba na ukuta, ikae juu ya mawe yaliyochomekwa ukutani kama mabega, na boriti zitalala juu yake. Kazi hii huhifadhi dari lote bila kulibomoa. Boriti iliyokufa kabisa ibadilishwe peke yake, umalize moja ndipo uanze nyengine, na kichwa kipya kiingie ukutani sentimita 20 na kiachiwe nafasi ya hewa pembeni, kisizungushiwe saruji. Boriti mpya iwe imekauka na imemenywa gamba, na ukiona vitundu vya dumuzi, mdudu mla mbao, na unga mwepesi chini yake, irudishe ulikoinunua. Mikoko haikatwi ovyo. Inahitaji kibali, na kibali kiombwe mapema, kabla mirunda haijawekwa.

Wengi wameamua kuweka bati juu ya paa la bapa. Si dhambi. Kwa nyumba ya shamba mara nyingi ni uamuzi wa busara, kwa sharti la mambo matatu: bati litoke nje ya ukuta angalau sentimita 60, pawe na upenyo wa hewa baina ya bati na dari la zamani, na mbao za bati zikae juu ya mbao ya mzunguko iliyolazwa kichwani mwa ukuta badala ya kufungwa kwa nondo zilizotobolewa ndani ya mawe. Mwenye uwezo wa makuti na aweke makuti, kwa mwinamo mkali wa nyuzi 40 au zaidi, akijua kwamba atayabadilisha kila baada ya miaka michache.

Watu husahau maji yanayoshuka kutoka bati hilo. Mvua ya milimita 50 kwa siku moja ya masika ikianguka juu ya bati la mita za mraba 80 ni lita 4,000, yaani ndoo kubwa 200. Bila ya gata, ndoo zote hizo zinamwagika kwenye mguu wa ukuta. Weka gata, na bomba lake liyapeleke maji mita 3 kutoka kwenye nyumba au kwenye tangi. Kwenye paa la bapa lisilo na bati, milizamu, yaani mifereji ya kutolea maji ya paa, iwe mirefu hadi maji yaanguke mbali na ukuta, na isafishwe kila kabla ya masika na kabla ya vuli. Mbegu moja ya mtini ikiota kwenye mlizamu ulioziba, mizizi yake itaingia katikati ya ukuta na kuusukuma uso wa nje. Mti wa namna hiyo usiung'oe kwa nguvu. Ukate, upake dawa ya kuulia magugu kwenye kisiki kibichi, uungoje ufe, kisha utoe mizizi jiwe kwa jiwe.

Chini nako kuna kosa moja linalorudiwa kila kijiji: zege linalozungushwa nyumba ili ua uwe safi. Zege hilo huzuia ardhi kupumua, na unyevu wote uliokuwa ukitokea uani hukimbilia ukutani. Livunje kwa upana wa sentimita 60 kuizunguka nyumba. Chimba kina cha sentimita 20 au 30, usivuke chini ya kitako cha msingi, jaza kokoto, na uinamishe ardhi iliyobaki iende mbali na nyumba. Usawa wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba nyingi zimezama kwa sababu miaka na miaka taka na udongo vimerundikwa nje. Kule kushuka ngazi unapoingia ndani hakukuwako nyumba ilipojengwa.

Na baraza, tafadhalini, msizivunje ili kupata nafasi ya gari. Baraza ya mawe si kiti cha wazee tu. Inakinga mguu wa ukuta usipigwe na matone ya mvua, na inauegemeza. Ukiiondoa, sehemu ya ukuta ambayo haikuwahi kuona mvua tangu ijengwe inaanza kulowa, na hapo ndipo panapofanya tumbo.

Baada ya juu na chini kukaa sawa, saruji ya zamani inatolewa ukutani. Tumia tindo nyembamba na nyundo ya gramu 500, ukilaza tindo karibu sawa na ukuta. Mashine ya kutoboa zege isikanyage hapo, kwani mtikisiko wake unalegeza vijiwe vya katikati. Anza na sehemu zinazolia tupu ukigonga, kuanzia chini hadi mita moja na nusu. Palipong'ang'ania hata jiwe linataka kutoka na saruji, paache. Baada ya mwaka patalegea penyewe. Chumvi nyeupe itakayotokea ifagiwe kwa brashi kavu, ikusanywe kwenye gunia na itupwe mbali. Usiioshe kwa maji, maana unairudisha ilikotoka.

Hapa ndipo likizo ya wiki nne inaposhindwa. Ukuta mnene hukauka kwa kadiri ya sentimita 2.5 kwa mwezi kutoka kila upande. Ukuta wa sentimita 50 uliolowa mpaka katikati unataka karibu miezi 10, na kuufunika kabla ya hapo ni kuufunga maji ndani kwa mara ya pili. Kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya paa na ardhi. Ukuta uachwe uchi, madirisha wazi, mtu wa kuaminika akiingia kufungua na kufunga. Safari ya mwaka unaofuata iwe ya lipu. Najua ni vigumu kumwambia mtu aliyetoka mbali aiache nyumba ya babu yake ikiwa na mawe wazi kama kidonda, lakini hicho ndicho kinachoiponya.

Mwaka huo wa kungoja hautakuwa mtupu, kwani ndio wa kuangalia nyufa. Paka kiraka chembamba cha plasta ya jasi juu ya ufa, andika tarehe, ukiangalie baada ya masika. Kiraka kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na umelala. Kikikatika, nyumba bado inatembea, na sababu itafutwe chini: karo la choo lililochimbwa karibu, mti, au maji ya jirani. Ufa uliolala huzibwa kwa kushona. Kila nusu mita unatoa mawe mawili yaliyotenganishwa na ufa, unaweka jiwe moja refu la kuvuka pande zote mbili. Kumimina saruji ndani ya ufa hakushoni kitu. Kunaunda kabari ngumu itakayopasua pembeni yake.

Ukuta unaolia tupu huku nyuso zikiwa nzima umepoteza vijiwe vyake vya katikati kwa maji. Huo hunyweshwa uji wa chokaa kupitia vitundu vilivyoachwa baina ya mawe, kuanzia chini kwenda juu, usipande zaidi ya nusu mita kwa siku, kwani uji ni mzito na unaweza kuusukuma uso wa ukuta ukatoka. Chokaa peke yake haigandi vizuri katikati ya ukuta kwa kukosa hewa. Changanya sehemu moja ya chokaa na sehemu moja ya unga wa tofali za kuchoma uliochekechwa laini kama unga wa sembe. Unga huo ndio unaoifanya igande pasipo hewa. Kwanza mimina maji safi, uone yanatokea wapi, uzibe hapo kwa udongo, ndipo umimine uji.

Sasa chokaa. Mawe ya chokaa hugeuka chokaa mbichi kwa moto wa kiasi cha nyuzi joto 900. Yasiyoiva hubaki na kiini kigumu, nayo ni ya kutupa. Mawe yanayochomwa yawe ya nchi kavu. Matumbawe hai ya baharini yaachwe baharini, ni nyumba ya samaki na kuyavunja ni kosa kisheria. Chokaa mbichi huzimwa kwa kuitia ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe usiimwagie maji ikiwa imejaa kwenye pipa: inachemka, inaruka, na ikiingia jichoni inapofusha. Pipa la plastiki huyeyuka. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali, na ndoo ya maji safi iwe karibu kwa ajili ya macho.

Iliyozimwa huchekechwa na kulazwa shimoni chini ya maji ya kina cha kiganja. Miezi 3 ni kidogo cha kukubalika, na kila inavyokaa ndivyo inavyolainika kama malai. Shimo la mita 2 kwa 1 na kina cha mita 1.2 linatosha kupiga lipu mita za mraba 200, tabaka zote. Aliyekosa tanuri anaweza kutumia chokaa ya mfuko, ikiwa mpya na haijapigwa na unyevu, akailoweka ikawa kama ugali laini kwa wiki mbili kabla ya kuitumia. Mfuko uliokaa dukani wazi umeshageuka jiwe la unga na haugandi tena.

Mchanga uwe wa shimo, mkali, wenye punje kubwa na ndogo. Mchanga wa pwani una chumvi. Kama hakuna mwengine, uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa na kuachwa unyeshewe na masika mazima ukiwa juu ya mteremko. Kwa kujengea, sehemu moja ya chokaa, mbili za mchanga na moja ya udongo mwekundu uliochekechwa. Udongo wa kinamo usiingie, unapasuka ukikauka. Kwa lipu, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Ukuta wa mita 4 kwa 3, lipu ya sentimita 2.5 kwa jumla, pamoja na mashimo yaliyomo baina ya mawe, utakula ndoo 20 za mchanga na ndoo 6 au 7 za chokaa. Chokaa ya shimoni imeshalowa na ni laini, kwa hiyo usiongeze maji mengi. Pondaponda mchanganyiko kwa mti mpaka uwe mlegevu wenyewe.

Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vijiwe na mchanganyiko, maana chokaa nene bila kijiwe husinyaa na kuachana na ukuta. Lowesha ukuta tangu jioni, ulowe lakini usichuruzike. Tupia tabaka la kwanza kwa mwiko, lisizidi milimita 15, lichorechore, ulisubiri siku 7 hadi 10. Tabaka la pili milimita 10 au pungufu. La mwisho ni milimita 3 kwa mchanga laini, sehemu moja kwa mbili, likandamizwe kwa ubao. Waamu wanayo niru yao, lipu ya mwisho ya chokaa, nyeupe na laini kama ganda la yai, lakini hiyo ni kazi ya fundi maalumu. Nyumba ya shamba inaridhika na ubao.

Baina ya tabaka na tabaka, tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta unaopigwa na jua na uyanyunyizie asubuhi na jioni. Wengi hupotea hapa. Chokaa inageuka jiwe kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu. Ikikauka kwa siku moja inabaki unga, na utaijua kwa kuifuta kwa kidole: inakuja nyeupe. Ukiona nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokauka, chokaa ilizidi au tabaka lilikuwa nene. Likibambuka zima kwa ukubwa wa sinia, ukuta haukuloweshwa. Fundi atakayekwambia "tutie saruji kidogo ishike haraka" mkatalie. Saruji kidogo inaiwahisha chokaa kukauka, haiwi saruji wala haiwi chokaa.

Rangi ni chokaa pia, nyepesi kama maziwa, mikono mitano myembamba. Rangi ya plastiki na ya mafuta inaziba vitundu vilevile tulivyohangaika kuvifungua.

Ndani mna matakwa ya maisha ya leo, na ni ya haki. Choo na bafu vijengwe kwenye banda la pembeni lenye msingi wake, na karo liwe mbali na nyumba, mita 10 au zaidi. Mabomba na nyaya za umeme zipite juu ya ukuta ndani ya paipu zinazoonekana. Kuchimba mfereji wa sentimita 4 ndani ya uso wa mawe ni kukata mawe yanayobeba dari. Simtangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, lisipandishwe juu ya dari la boriti hata kwa usiku mmoja. Ukuta wa kati usivunjwe kwa ajili ya sebule kubwa, kwani boriti zinaulalia, na madirisha yasipanuliwe. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zibaki, zisijazwe tofali. Mlango wa nakshi uoshwe kwa brashi na maji kidogo, usisuguliwe kwa mashine. Msasa wa umeme hufuta kwa dakika moja kilichochongwa kwa mwezi. Na ukikuta mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umelegea, rudisha vipande vyake vya mbao kabla hujafikiria misumari. Kuna wanaouza mlango ili wapate fedha ya saruji. Inaumiza kuona.

Nina maombi mawili kwa wanaohusika. Mamlaka ya Mji Mkongwe ina kazi yake mjini, lakini nyumba za shamba ziko nje ya mipaka hiyo na wenyewe hawana pa kuuliza. Kila wilaya ikiwa na shimo moja la chokaa linalojazwa kila mwaka, na fundi mmoja wa kuonesha vijana, mtu hatalazimika kukimbilia saruji kwa kuwa ndiyo pekee iliyoko dukani. La pili, kibali cha boriti chache za kutengenezea nyumba iliyopo kitenganishwe na kibali cha biashara. Mtu anayehitaji boriti 14 kuokoa dari la zamani asingoje foleni moja na anayetaka shehena.

Na kwa familia zenye nyumba ya warithi wengi: kaeni mwandikiane kabla ya kununua hata mfuko mmoja. Paa linaloachwa livuje kwa sababu warithi hawajaelewana linaoza kwa kasi ileile.

Anayetaka kupiga lipu Januari ijayo, baina ya vuli na masika, chokaa yake iwe shimoni kabla ya mwisho wa Septemba, na shimo lifunikwe kwa mbao na jiwe juu, kwa ajili ya watoto na mbuzi.

Mwashi wa chokaa,
Kaskazini Unguja